Jibu Lililosomwa kwa Sauti

Binti akianza kusoma vitabu ambavyo ukurasa wa mwisho hakuna anayeoana, mama yake asitulie. Nasema hivi mapema, kabla sijaingia kwenye mapenzi yenyewe, kwa sababu nawajua wasomaji wa hadithi kama hizi: mnaruka maonyo mnakimbilia pale watu wanaposhikana mikono. Msiruke. Watashikana, lakini kwa shida.

Mwanangu ni mwandishi wa riwaya. Vitabu vyake vinachapwa, vinauzwa, watu wanalia. Zile za mwanzo zilikuwa tamu kama nini! Msichana anapendwa, familia ya mvulana inakataa, msichana anaugua kwa mawazo, mvulana anarudi mvua ikinyesha, wanafunga ndoa. Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu walikuwa wakija kupimwa gauni wananiuliza, "Mama Mwandishi, yule daktari atamrudia kweli?" Najifanya siwezi kusema, huku nang'ata uzi.

Halafu akakutana na wazungu wake. Mwenyewe anawaita wanafalsafa. Alivipata vitabu vyao kwa muuza vitabu vya mitumba, vingine havina hata jalada, akawa anavisoma na kamusi pembeni kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini si kiziwi. Alinieleza huku nashona.

"Mama," aliniambia siku moja, akaokota sindano mezani kwangu. "Hii ilijulikana kazi yake kabla haijatengenezwa. Aliyeitengeneza alitaka kitu cha kushonea. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi yuko mwanafalsafa anasema mtu si sindano. Mtu anakuja kwanza, hana kazi aliyoandikiwa. Anajitengeneza mwenyewe, kwa kuchagua."

"Na wakati anajitengeneza, nani anampikia?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vipande vya kitambaa. "Mama, wewe nawe ungekuwa mwanafalsafa!"

"Mimi nina sare za watu hapa, niache."

Tulicheka, lakini kuanzia hapo wanawake wa riwaya zake walibadilika. Mmoja alivua pete akaiacha kwenye sahani ya sabuni, akatoka na mkoba mtupu. Mwingine alirudiwa na mpenzi wake mvua ikinyesha, kama zamani, naye akamfungulia mlango, akampa taulo, akamwambia mvua ikikatika aende zake. Wasomaji wengine walikasirika. Wengine walizipenda kuliko zile za harusi. Mteja wangu mmoja, mke wa mwalimu, alikuja na macho mekundu akaniuliza, "Mama Mwandishi, huyu mwanao aliingia chumbani kwangu lini?"

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye kengele ya familia yetu. Hakukaa kimya.

"Hao wanafalsafa wako, Profesa, waliolewa?" alimuuliza mwanangu, kwa jina alilombandika mwenyewe.

"Shangazi, wengi wao ni wanaume."

"Walioa?"

"Wengine hawakuoa."

"Nilijua. Mtu mwenye mke nyumbani hapati nafasi ya kujiuliza kama yupo."

Katika hali hiyo ndipo akaingia Miwani.

Huyu ni mpima macho. Ana duka lake dogo lenye pazia zito, na sisi nyumbani tulimpa jina la kazi yake. Aliingia kwetu kupitia macho yangu. Nilikuwa siwezi tena kutunga uzi, mwanangu akanipeleka kwake nipimwe. Alinipima kwa upole, na alipomaliza akamgeukia mwanangu. "Na wewe?"

"Mimi naona," akasema mwanangu.

"Wote wanaoingia hapa husema hivyo."

Walitazamana. Kutazamana tu, lakini mimi ni mama, nililiona lile jicho lilivyochelewa kuondoka. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kukaza skrubu za miwani yangu. Akaja tena. Miwani yangu ilikazwa skrubu mwaka ule kuliko injini ya gari moshi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vyepesi, na mwanangu akiwa anaongea yeye huacha kufanya alichokuwa anafanya. Hata chai anaishikilia njiani, haijafika mdomoni.

Kwao hawakufurahi. Mama yake alimwambia wazi, naye kwa kuwa hajui kuficha akatusimulia huku anacheka: "Ukioa mwandishi, siku mkigombana mji mzima utanunua nakala." Alicheka, sisi tukacheka. Mwanangu alicheka kuliko wote.

Kisha jioni moja, langoni, akamposa. Nilisikia kwa sababu dirisha la cherehani linatazama lango, si kwa sababu nilichungulia. Kuchungulia nilichungulia baadaye.

"Nataka tuoane," Miwani alisema. "Ningekuwa na maneno ya kitabuni ningeyatumia. Sina."

Mkono wa mwanangu ulikuwa juu ya lango, na mkono wa Miwani karibu yake, haugusi.

"Nipe mpaka Jumapili," akasema mwanangu.

*

Jumapili kwetu ni siku ya kusomewa. Mwanangu hampelekei mchapishaji sura yoyote kabla hajaisoma kwa sauti sebuleni, mbele yangu, mbele ya shangazi yake, na kwa mwaka ule mbele ya Miwani. Nasukuma cherehani ukutani, naifunika. Sheria yake ni moja: hakuna kufungua mdomo mpaka karatasi ya mwisho ilale kifudifudi mezani. Hata kukohoa, kohoa kwa adabu.

Miwani alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi likawa gumu kama ubao. Akakaa kiti cha karibu na mlango. Alimtazama mwanangu mara moja, akateremsha macho kwenye viatu vyake kama mtu aliyelikodolea jua macho. Mwanangu naye akawa anapanga karatasi zilizokwisha kupangika. Nikajiambia, leo. Leo nitalia mbele ya wifi yangu, na anicheke akitaka.

"Hii ndiyo sura ya mwisho," mwanangu akasema, akaanza.

Ilikuwa habari ya mpiga picha mwenye studio. Kuna mwanamke huenda kwake kupigwa picha, mpiga picha akampenda, na kumpenda kwake ni kumtazama. Mwanangu akaieleza studio: pazia zito la rangi ya damu ya mzee, taa moja, kiti kirefu kinachozunguka chenye mpasuko kwenye ngozi. Nikashtuka. Kiti kile nimekikalia. Mpasuko ule ulinichania gauni. Ni kiti cha duka la Miwani.

Wifi akanifinya paja. Nami nikamfinya.

Hatukuweza kusema kitu, sheria ni sheria. Sauti ya mwanangu ilikuwa nzuri siku ile, ya chini, yenye kutetemeka mahali pa kutetemeka, na yeye mwenyewe alikuwa amezama humo kama mtu aliyeingia kuoga. Hakuona kwamba Miwani ameacha kupepesa macho.

"Ulinipenda kama unavyopenda picha," yule mwanamke wa kitabuni alimwambia mpiga picha. "Ulitaka nitulie. Nikiwa peke yangu naimba vibaya, nakosea, nabadilika. Ukinitazama nakuwa kitu kilichokwisha. Nami sijaisha." Kisha akachukua koti lake, akafungua mlango, mwanga wa nje ukaingia studio ukaharibu picha zote zilizokuwa hazijasafishwa.

Karatasi ikalala kifudifudi.

Miwani alisimama. "Asante," akasema, kwa sauti ile ile anayowasomea wateja namba za lenzi. "Nilikuja kupokea jibu, nimelipokea. Na limeandikwa vizuri sana." Akaniinamia kidogo. "Mama, chai nitakunywa siku nyingine. Shangazi, kwaheri."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu.

"Jibu gani?" mwanangu akauliza. "Anasema jibu gani?"

"Profesa," shangazi yake akasema, "unatuuliza sisi?"

"Lakini ile ni riwaya! Nimeianza kabla hajaniuliza chochote!"

"Na huo mwisho," nikamuuliza, "umeuandika lini?"

"Juzi."

"Ameshakuuliza."

"Ameshaniuliza. Mama, jibu nilikuwa nimpe baada ya chai!"

"Mtu umemwambia aje Jumapili," wifi akasema, "amekuja amenyoa ndevu mpaka kidevu kinang'aa, umemkalisha kwenye kiti, umemfunga mdomo kwa sheria yako, ukamsomea kukataliwa kwake na kiti chake mwenyewe kimo ndani. Hata adui hukataliwa kwa kifupi."

"Na hilo jibu la baada ya chai," nikasema, "lilikuwa lipi?"

Hapo ndipo nilipoona hofu usoni kwa mwanangu, hofu ya mtoto aliyeachia mkono wa mtu sokoni. "Sijui, Mama. Nilidhani nikimaliza sura nitajua."

Alikusanya karatasi zake akaingia chumbani. Wifi alitikisa kichwa. "Mama wa yule kijana akisikia atacheza ngoma peke yake," akasema. Lakini alisema kwa huzuni, na akamwachia mwanangu mkate wote uliobaki.

Nyinyi mnaosoma, hasa mabinti, sikieni hapa. Mtu aliyekuuliza swali kwa mdomo mjibu kwa mdomo. Usimpe wimbo, usimpe mfano, usimpe habari ya mwanamke mwingine. Moyo wa mtu aliyekaa akingoja jibu hauna masikio ya hadithi.

*

Asubuhi mwanangu alinijia ameshavaa viatu.

"Mama, miwani yako imelegea."

"Haijalegea."

Akainyofoa usoni mwangu, akaipinda mguu mmoja kidogo, akaitikisa. "Sasa imelegea. Twende."

Dukani hapakuwa na mteja mwingine. Miwani alikuwa anafuta vioo vya kabati ambavyo tayari vilikuwa safi. Alipotuona, kitambaa kilisimama.

"Karibu, Mama," akasema. Kwa mwanangu aliinamisha kichwa tu.

"Yangu imelegea," nikasema, nikamkabidhi.

"Na mimi macho yananiuma," mwanangu akasema. "Nataka kupimwa."

Wakati wote ule alikuwa hajakubali kupimwa na yule mtu. Miwani akavuta pazia. "Ingia."

Mimi nilibaki kwenye benchi. Bila miwani dunia yangu ni ukungu mtupu, lakini masikio yangu hayana kasoro.

"Kaa. Angalia mpasuko wa kiti," nikasikia Miwani anasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini huo unaujua. Umeuandika."

Nikasikia mwanangu anakaa.

"Sogea. Tazama sikio langu, usinitazame mimi. Jicho limevimba. Umesoma au umelia?"

"Vyote."

"Soma mstari wa tatu."

Akausoma. Nikasikia vyuma vidogo vikigongana, anamvisha ile fremu nzito ya kupimia, anaingiza lenzi.

"Ya kwanza, au ya pili?"

"Zinafanana."

"Hazifanani. Usiharakishe. Ya kwanza, au ya pili?"

"Ya pili."

"Na sasa. Hii, au hii?"

"Hii ya mwisho. Unawauliza watu hivi kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Wanajuaje iliyo sawa?"

"Hawajui. Wanachagua, halafu tunaona."

Nikasikia mwanangu anacheka kidogo, kile kicheko kinachotokea machozi yakiwa jirani. Kisha akasema, "Jana sikukujibu."

"Tafadhali usitikise kichwa. Nainua fremu kidogo, nakutia dawa ya macho."

"Yule mpiga picha si wewe."

"Kiti ni changu."

"Kiti ni chako. Pazia ni lako. Mtu si wewe."

"Basi ni nani? Mama yangu amenipigia simu leo asubuhi. Sijamwambia kitu, lakini sauti yake ni ya mtu aliyeshanunua nakala."

Nilishika benchi kwa mikono miwili.

"Ni woga wangu," mwanangu akasema. "Niliuvisha shati lako. Riwaya zangu za zamani, wanawake wote walikuwa wanangoja kutazamwa. Nilikuwa naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani mwanamke anaanza: mtu anapomtazama. Nilipowasoma wale watu wangu nikajisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Halafu ukaja wewe. Ukinitazama najikuta nataka kukaa vizuri. Nataka nywele ziwe sawa, nisiseme upuuzi. Naogopa nitakaa vizuri mpaka nife. Naogopa nitarudi kuandika mvua na harusi."

"Zile za mvua zilikuwa nzuri," nikajisemea, na kumbe nimesema kwa nguvu.

"Mama!"

"Samahani. Nipo tu hapa."

Miwani alikohoa, nadhani alikuwa anameza kicheko. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imelainika. "Nikwambie mimi ninachoona? Sasa hivi nimekumulika na tochi, uso wako uko hapa, na wewe sikuoni. Naona mishipa. Naona lenzi ya jicho. Hii ni kazi. Nikifunga duka ndipo nakutazama, na hapo wewe hutulii hata kidogo. Mikono inaruka. Unaanza jambo, unalikatisha, unalikana, unalirudia. Juzi ulimtetea mtu kwa chai nzima, kikombe cha pili ukampinga. Ningekuwa mpiga picha ningefilisika. Sijawahi kukuona umekwisha."

Ee, wasomaji wangu! Nimeshona magauni ya harusi maisha yangu yote na sijawahi kusikia mwanamume anasema neno kama lile, tena asubuhi, tena ameshika tochi.

Nilisikia mwanangu anapenga kamasi.

"Unajua wale watu wangu wanakemea nini kuliko vyote?" akasema. "Mtu kujidanganya kwamba hana hiari. Anayesema, si mimi, kazi yangu ndiyo inanituma. Si mimi, ndugu ndio wanataka. Nimelikemea hilo mpaka wasomaji wamenichoka. Halafu wewe ukaniuliza swali la neno moja, nikakimbia nikamtafuta mwanamke ambaye hayupo, nikamwambia, chagua wewe. Nikakaa namsikiliza nione atasema nini. Hata Shangazi ana hoja kuliko mimi, na Shangazi hajasoma hata jalada."

"Basi mwambie utaubadilisha ule mwisho!" nikapiga kelele. Nilishindwa, jamani. Mama ni mama.

"Asiubadilishe, Mama," Miwani akajibu kupitia pazia. "Ni mwisho mzuri. Hata mimi ningemwacha yule mpiga picha. Nilikasirika kwa sababu ni mzuri. Ungekuwa mbaya ningekaa ninywe chai."

"Kweli?" mwanangu akauliza, na hapo nikamsikia mwandishi, si mchumba. "Hata pale mwanga unapoharibu picha?"

"Hapo ndipo nilipotaka kusimama, nikakumbuka sheria yako."

Wakacheka wote wawili, kicheko kikaisha.

"Niulize tena," mwanangu akasema.

"Hapana."

Moyo wangu ulidondoka mpaka kwenye soli za viatu.

"Mimi nilishauliza," Miwani akasema taratibu. "Niliuliza langoni, na mama yako dirishani akasikia." Nikajikunyata kwenye benchi. "Sina kiburi, usinielewe vibaya. Nikikuuliza tena sasa, utanijibu kwa sababu nimekuuliza, na kwa sababu ya jana, na kwa sababu una huruma. Sitaki jibu la kunifuta machozi. Fanya unachotaka wewe. Na ukitaka kuondoka, mlango hauna kufuli, na mimi nitamkazia Mama skrubu zake kama kawaida."

Nilitamani niingie nimtandike kwa mkoba. Mtoto amekuja mwenyewe, amejishusha, naye analeta mambo! Kumbe ndiye mtu pekee aliyekuwa amewasikiliza wale wazungu kwa makini zile Jumapili zote. Nikasikia fremu ya kupimia inavuliwa, inawekwa juu ya kioo cha meza. Kiti kikalia, mtu anainuka. Nikahesabu kwamba zile ni hatua za kutoka. Hazikuwa za kutoka.

"Basi nachagua," mwanangu akasema. "Sikuoni vizuri, umeniwekea dawa machoni, umekuwa kama wingu lenye shati. Lakini nachagua. Nataka tuoane. Nakuuliza mimi. Utanikubali?"

"Ndiyo," Miwani akasema. Neno moja tu, na lilimtoka kama mtu aliyetua mzigo.

"Ngoja, usikubali haraka. Wanawake wangu wa vitabuni wataendelea kuondoka wakitaka."

"Waondoke. Nitawafungulia."

"Na mimi sitakaa kwa sababu nilishasaini. Nitakaa kwa kuchagua, kila asubuhi. Siku nisipochagua nitakwambia kwa mdomo wangu, si kwa sura."

"Kwa hiyo mimi kila asubuhi ni mchumba?"

"Kila asubuhi. Na mimi pia, kwako."

"Basi nitahitaji mashati zaidi," akasema Miwani.

Nilivuta pazia. Ndiyo, nilivuta, niacheni. Bila miwani sikuona sura zao, niliona tu kivuli kimoja mahali palipotakiwa kuwa na viwili, nikalirudisha pazia kwa haraka nikakaa na kulia kwa raha zangu.

*

Nilimpigia wifi yangu kabla hatujatoka dukani.

"Amekubali?" akauliza.

"Nani?"

"Nani tena? Profesa!"

"Profesa ndiye ameposa. Miwani ndiye amekubali."

"Wifi," akasema, "kwenye harusi ya namna hiyo mtu anavaa nini?"

"Nitakushonea."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, miwani yangu imeshakazwa iko usoni, mwanangu amenishika kiwiko, amekunja uso kwa jua kwa sababu ya ile dawa ya macho. Alikuwa anatabasamu peke yake. Mimi furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani. Kila asubuhi! Siku nisipochagua! Ndoa gani hiyo inayoamka kila siku haijui kama ipo? Nilivumilia mpaka kwenye kona ya duka la viatu, nikashindwa.

"Mwanangu, mimi nilikaa na baba yako mpaka nikamzika. Hatukuwa na kuchaguana kila asubuhi. Tulioana, basi, tukakaa."

Hakubishana nami. Aliuliza tu, kwa upole, "Mama, hakuna hata asubuhi moja uliyotaka kuondoka?"

Nilitaka kusema hakuna. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Ilikuwepo moja. Yeye alikuwa mgongoni, hajaota meno. Baba yake alikuwa amepoteza kazi, na kwa msimu mzima alikuwa haongei, anakaa kitandani anatazama ukuta, ukimsemesha ni kama umesemesha gunia. Nilifunga nguo zetu. Niliushika mlango, nikaufungua, hewa ya nje ikanipiga usoni. Halafu nikaweka mzigo chini, nikawasha jiko. Miaka yote hii, nikiikumbuka asubuhi ile, nimekuwa nikijiambia nilirudi kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

"Ilikuwepo," nikasema.

"Hukuwa na pa kwenda?"

Magari yalipita. Nilisimama pale kwenye kona, mwanamke mzima, mjane, nikajibu kitu ambacho sijawahi kujijibu mwenyewe.

"Dada yangu alikuwa na chumba. Alishanitandikia kitanda."

Mwanangu hakusema "unaona". Angesema ningemkasirikia. Alinibana kiwiko tu, akageuza uso.

Kwa hiyo onyo langu la mwisho ni kwenu, kina mama wenzangu, kwa sababu mabinti nimeshawaonya. Binti akikaa sebuleni akikusomea mambo yake ya mbali, usikae ukidhani anawasomea wengine. Mimi nilikwenda pale dukani kumwokoa mtoto wangu na wanafalsafa. Nikarudi nao nyumbani, wakanikalia kitako, wakanifungulia mlango ambao nilidhani niliufunga siku nyingi.

"Na Baba?" mwanangu aliuliza baada ya hatua chache. "Alijua?"

"Hakujua. Nilimpelekea chai. Siku ile alikaa akainywa, akaniuliza mtoto amelala vipi, akavaa viatu akatoka kutafuta kazi," nikasema. "Alitoka hivyo hivyo, maskini, hajui kwamba asubuhi ile amechaguliwa."